Kambi ya tenisi ije Mombasa? Tuanze na mpira wenyewe

Majuzi jioni, kwenye benchi la saruji kando ya kiwanja tunachochezea hapa Mombasa, watu wawili ninaowaheshimu walivutana kwa maneno mpaka giza likaingia. Mmoja ni mzee ambaye amekuwa akipiga mistari ya kiwanja hicho tangu mimi niko shule ya msingi. Mwingine ni kocha kijana aliyejifunzia kazi Nairobi. Mzee anashikilia kwamba timu yetu ya taifa ya tenisi, ikiwa na safari ya Davis Cup au ya Billie Jean King Cup, yale mashindano ya nchi kwa nchi ya wanaume na ya wanawake, ije kupiga kambi Pwani izoee jua na upepo. Kocha akamwuliza: "Sawa mzee wangu, lakini huku watacheza na nani?" Mzee hakuwa na jibu la haraka. Mimi pia sikuwa nalo, na swali lile nimekaa nalo siku kadhaa.

Tujue kwanza tunasimama wapi. Davis Cup ilianza mwaka 1900 kule Boston, Marekani wakiwakaribisha Waingereza. Mashindano ya wanawake yakaja 1963, na tangu 2020 yanaitwa kwa jina la Billie Jean King. Kenya inapigania nafasi kwenye makundi ya kanda ya Afrika, ngazi kadhaa chini ya pale tunapowaona nyota wa dunia kina Sinner na Alcaraz kwenye runinga. Hata barani Afrika hatupigiwi upatu, maana kuna Misri, Tunisia, Morocco na Afrika Kusini, nchi zenye viwanja, mashindano na fedha kutuzidi mbali. Si kwamba hatujapata wachezaji. Paul Wekesa alipanda hadi nafasi ya 100 duniani na kutwaa mataji matatu ya ATP, mzunguko wa wanaume wa kulipwa, kwenye mchezo wa wawili wawili. Angella Okutoyi alibeba taji la wasichana chipukizi wawili wawili Wimbledon mwaka 2022, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, na akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji la chipukizi kwenye mashindano yale makuu manne. Mwaka 2024 mjini Accra akatwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika. Shida yetu ni kwamba nyota wetu hutokea mmoja mmoja.

Sasa angalia utaratibu wa makundi hayo. Nchi mbili zikikutana huchezwa mechi tatu tu, siku moja: mbili za mmoja kwa mmoja, na ya tatu ya wawili wawili. Anayeshinda mbili ameondoka na ushindi. Kwa nchi yenye mchezaji mmoja wa kutegemewa hesabu iko wazi. Nyota ashinde mechi yake, kisha arudi uwanjani na mwenzake washinde ya wawili wawili. Mechi iliyobaki hata ikipotea, mmepita. Kwa hiyo nusu ya nafasi yetu imekaa kwenye mechi ile ambayo wengi hapa huiona ya kumalizia siku.

Croatia walilithibitisha hilo kwenye ngazi ya juu kabisa mwaka 2005. Walikuwa nchi ya kwanza kubeba Davis Cup bila kupangwa miongoni mwa nchi zenye nguvu kwenye droo. Ivan Ljubičić alishinda mechi 11 kati ya 12 alizocheza mwaka huo. Raundi ya kwanza, huko huko Marekani, aliwafunga Andre Agassi na Andy Roddick, na yeye na Mario Ančić wakawaangusha ndugu wawili Bryan, jozi ya Marekani. Ljubičić na Ančić hawakuokotana uwanjani asubuhi ile, kwani mwaka mmoja kabla walikuwa wamepata shaba ya Olimpiki pamoja mjini Athens. Uingereza nao mwaka 2010 walifungwa na Lithuania wakaponea chupuchupu kushushwa hadi kundi la tatu la Ulaya. Miaka mitano baadaye wakabeba kombe, Andy Murray akishinda mechi zake zote 11, tatu kati ya hizo za wawili wawili akiwa na kaka yake Jamie.

Turudi kwenye benchi letu. Hoja ya mzee ilikuwa joto, na wengi wanaotaka kambi ije Pwani husema hivyo hivyo. Mimi naona joto ndiyo hoja dhaifu. Michuano hii ya kanda ikiangukia Juni au Julai, kwetu ni msimu wa kusi, mchana hufika nyuzi 28 hivi, na jioni upepo unapiga. Mtu aliyezoea jua la Nairobi hatakufa kwa nyuzi 28. Mwili huzoea joto kwa siku kumi hadi kumi na nne, na mazoea hayo hupotea haraka ukirudi kwenye baridi. Ukipiga kambi Mombasa Juni ukaenda kucheza mji wenye nyuzi 38, bado utashangaa.

Hoja yenye uzito ni hewa. Nairobi iko takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko yetu kwa kama asilimia 15. Mpira unaupasua upepo kirahisi, unakimbia, na unadunda juu. Mpira wa kuzungushwa haupindi sana kwa sababu hakuna hewa ya kutosha ya kuushika. Jambo hili linajulikana rasmi: Shirikisho la Tenisi la Kimataifa lina aina ya mipira iliyoidhinishwa kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Mchezaji aliyekulia huko hujifunza, bila hata kuambiwa, kuuzuia mkono wake. Anakaza nyuzi za raketi ili mpira usimtoroke, na anategemea sevu, ule mpira wa kuanzisha pointi, imalize kazi mapema.

Mlete huyo huku kwetu. Fungua kopo jipya saa kumi alasiri, mipira inatoka inang'aa, manyoya yamelala. Kufikia gemu ya tano manyoya yamesimama kama ya kifaranga aliyenyeshewa, na mpira umevuta unyevu umekuwa mzito mkononi. Nilicheza wikendi moja na kijana mzuri sana kutoka Nairobi. Seti ya kwanza alinitandika 6-2. Kwenye ya pili niliona mipira yake ya mkono wa kulia, ile iliyokuwa ikitua hatua moja kutoka mstari wa nyuma, inaanza kutua katikati ya kiwanja. Sevu iliyonipita seti ya kwanza sasa nilikuwa naifikia. Alikuwa anapiga vile vile, lakini pointi aliyozoea kuimaliza kwa mipira mitatu ilikuwa inakwenda tisa, kumi. Alishika mpini kwa taulo, akaukausha, akaangalia nyuzi kana kwamba zimekatika. Nyuzi zilikuwa nzima. Alihitaji kuzilegeza pauni mbili tatu, na siku nne au tano za kuuachia mkono. Kwenye mashindano ya timu siku hizo huzipati, kwani ukifungwa siku ya kwanza na ya pili, kundi limekwisha.

Kwa hiyo mzee ana haki, ila kwa sababu nyingine.

Lakini swali la kocha halijaondoka. Nairobi ndiko waliko wachezaji wa kufanya nao mazoezi makali, makocha wengi, na viwanja vizuri vya udongo. Mombasa ina historia ndefu, Mombasa Sports Club ilianzishwa 1896, lakini historia haikurudishii mpira. Mchezaji wa taifa akicheza wiki mbili na sisi wa jioni atashuka kiwango. Na michuano ya kanda haiwi pwani kila mara. Billie Jean King Cup ya kundi la tatu la Afrika mwaka 2023 ilichezwa Nairobi kwenyewe. Kuwaleta wachezaji usawa wa bahari kwa ajili ya mashindano ya Nairobi kungekuwa kuwafundisha mpira usiokuwapo.

Anayetetea Nairobi ana ushahidi mwingine mzito, wa Zimbabwe. Mwaka 1998, kwenye Davis Cup, waliifunga Australia 3-2 kule Mildura, Australia kwenyewe. Ndugu Byron na Wayne Black walikuwa watoto wa Harare, mji ulio karibu mita 1,500 juu, na hewa nyepesi haikuwazuia. Nimeutafakari sana mfano huu kwa sababu unanipinga. Ila ukiuchunguza unakuta kitu kingine ndani yake. Baba yao, Don Black, ambaye naye alicheza Wimbledon, alikuwa amejenga viwanja vya nyasi shambani kwao. Na Mildura walicheza kwenye nyasi. Ndugu wale hawakuwa na kila kitu walichokuwa nacho Waaustralia, lakini uwanja wenyewe haukuwa mgeni kwao. Hicho ndicho mnyonge anaweza kujitafutia: kupunguza vitu vigeni siku ya mechi.

Ndiyo maana swali la "Nairobi au Mombasa" nadhani tunaliuliza kabla ya wakati wake. La kwanza ni mashindano yako wapi. Yakiwa Kigali, Addis Ababa au Harare, wabaki Nairobi, na mimi nitakuwa wa kwanza kumwambia mzee wetu atulie. Yakiwa Cairo, Tunis, Lomé au Maputo, siku kumi za mwisho ziwe Mombasa, na mapema iwe Nairobi kwa mazoezi makali. Treni inachukua kama saa tano. Gharama ipo, ya malazi na chakula, na chama chetu hakina hazina ya kutupa, lakini ukilinganisha na tiketi za ndege ambazo zitalipwa hata hivyo, ni gharama ya kulinda pesa iliyokwisha kutumika.

Kuna faida nyingine ya Pwani ambayo sikuisikia kwa yeyote kati ya wale wawili, na kwangu ni kubwa karibu sawa na hewa. Timu ikipiga kambi Nairobi, jioni wengi wanarudi majumbani. Mmoja ana mtihani, mwingine ana shughuli ya familia, na yule anayesoma Marekani ametua juzi na usingizi wake bado uko ng'ambo. Wakiwa Mombasa wanalala nyumba moja, wanakula mezani pamoja, na saa tatu asubuhi wako uwanjani wawili wale wale upande mmoja wa wavu. Wawili wawili ni mchezo wa kujuana. Nani anachukua mpira wa katikati? Ukienda mbele mimi nabaki wapi? Mambo haya hayafundishiki kwa simu, na Ljubičić na Ančić walikuwa wameshayamaliza kabla hawajakutana na ndugu Bryan.

Kuhusu watacheza na nani, waje sita hadi wanane badala ya wanne. Wanne wa timu, na vijana wengine wa Nairobi wa kiwango cha karibu nao, ambao kwao pia ni shule. Watoto wetu wa huku waokote mipira na wakae karibu wasikie mpira wa mkubwa unavyolia kwenye raketi. Ningependa sana waone hilo. Wengi wao wanacheza na raketi za kuazima na hawajawahi kumwona mchezaji wa taifa ana kwa ana. Lakini nisingeileta kambi kwa sababu hiyo. Ije kama inaisaidia timu kushinda. Watoto watafaidika kwa vyovyote.

Nilimrudia mzee na jibu hilo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiviringisha kamba yake ya mistari, kisha akauliza kama mipira watakuja nayo au watatumia hii yetu. Waje nayo, nikamwambia, aina ile ile itakayochezewa huko waendako, na makopo ya kutosha kufungua mapya kila siku.