Nusu milioni ya Buckingham: deni la Nash au la mfalme?

Kila Kasri la Buckingham linapojadiliwa, msanifu wake, John Nash, hutajwa kama mbadhirifu. Makadirio yake yalikuwa yapata pauni 250,000. Kufikia 1829 zilishateketea karibu nusu milioni na jengo halijaisha. Mfalme George IV wa Uingereza, aliyemwagiza kazi hiyo, alipofariki 1830, serikali ya waziri mkuu Wellington ilimfuta kazi Nash, mzee wa miaka 78.

Mashtaka yana msingi. Mabawa ya mbele ya jengo yalipopanda, Nash mwenyewe hayakumridhisha. Yakabomolewa na kujengwa upya. Mbele ya kamati ya Bunge alikiri kwamba hakutambua kuba lake lingeonekana kutoka upande wa mbele. Modeli ya mbao ingemwonyesha mapema.

Lakini hiyo nusu milioni tuipekue vizuri. Mfalme aliagiza nyumba ya kuishi tu. Kazi ikiwa imeshaanza, akataka kasri la kupokelea wageni wa taifa. Na bado nyumba ya zamani, ya mama yake, haikubomolewa yote. Ukibakiza kuta, umebakiza na viwango vya sakafu: ndiyo maana kwenye ukumbi wa kuingilia, ambako dari ilibaki palepale, Nash alilazimika kushusha sakafu ili apate kimo. Fundi yeyote anajua ukarabati unaobadilishiwa ramani katikati hula fedha kuliko kuanzia msingi. Aliyebadilisha ramani alikuwa mwenye nyumba, ila bili ilisomwa kwa jina la fundi.

Mrithi wa Nash, msanifu Edward Blore, alichaguliwa kwa sifa ya kubana matumizi. Bawa lake la mashariki, lililojengwa kuanzia 1847, lilivikwa jiwe la Caen kutoka Ufaransa, jiwe la chokaa, laini na jepesi kuchonga. Moshi wa makaa ya mawe wa London ulikuwa na salfa. Ikikutana na unyevu huwa asidi; chokaa ya juu ya jiwe hugeuka jasi, gamba hutuna, kisha hubanduka vipande vipande. Mwaka 1913 msanifu Aston Webb aliuvika uso wote upya kwa jiwe la Portland. Hata miaka 70 haikutimia. Upande wa bustani wa Nash, wa jiwe la Bath (nalo ni chokaa, tusimpendelee), bado ndio uleule.

Na sehemu ya fedha za bawa la Blore ilitoka wapi? Kwenye mauzo ya kasri la kifalme la mji wa Brighton, kazi ya Nash huyohuyo.