Walijuaje Kwamba Alilia?

Jumapili iliyopita, baada ya magharibi, nilikuwa nyumbani kwa dada yangu, Tabata, nimekaa sebuleni na mpwa wangu wa darasa la nne tukitazama dokumentari ya dinosaria iliyotiwa sauti ya Kiswahili. Mtoto wa dinosaria mwenye shingo ndefu alipotezana na mama yake katika mvua kubwa, akaita, akazingirwa na wala nyama, na mama alipofika alikuta mwili umelala matopeni. Muziki ukashuka, kamera ikasogelea jicho la mama, na msimulizi akatuambia kwamba usiku ule mama hakuondoka, alibaki pale akimwombolezea mwanawe. Mpwa wangu akalia kwa kwikwi. Alipokwisha kujifuta uso kwa upindo wa kanga aliyojifunika, aliniuliza: "Mjomba, walijuaje kwamba alilia?"

Mama yake akamjibu kutoka jikoni kwamba ile ni filamu tu. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa sikuwa na jibu la papo hapo, lakini tangu siku hiyo sijatulia. Ingekuwa ni sinema ya kubuni, jibu la dada yangu lingetosha. Ile, hata hivyo, imetangazwa kuwa ni elimu, mzazi anamwekea mwanawe akiamini kwamba anampa maarifa, na msimulizi wake huzungumza kwa sauti ileile ya utulivu inayotumika kutueleza idadi ya nyumbu wanaovuka mto Mara. Mtoto ana haki ya kuuliza walijuaje, na filamu ina wajibu wa kumjibu.

Kila aliyetazama filamu tatu za aina hii anaujua mpangilio wake. Patakuwa na mama na mtoto, patakuwa na ukame au dhoruba, patakuwa na mwindaji anayenguruma kabla ya kurukia, ingawa simba anayewinda kule Mikumi hangurumi, kwa sababu anataka kula. Mwishoni kitaanguka kile kimondo kilichowamaliza dinosaria, hata kama wanyama tuliokuwa nao tangu mwanzo waliishi miaka milioni 80 kabla ya kimondo hicho. Hayo yote ningeweza kuyavumilia. Nisiloweza kulivumilia ni lile lililo chini yake: filamu nzima imejengwa juu ya dai kwamba palikuwa na kamera.

Tunapotazama filamu ya duma wa Serengeti, tunajua kwamba mpigapicha alikaa ndani ya gari wiki nyingi, na hata kama mhariri ameunganisha duma watatu wakaonekana mmoja, angalau duma walikuwapo. Kwa dinosaria hapakuwa na mtu wala gari. Kuna mifupa, kuna nyayo zilizogeuka mawe, kuna mayai, na mara chache kuna alama za ngozi na manyoya. Rangi ya jicho, mlio, upande ambao mama aligeuza kichwa na muda aliokaa juu ya mwili wa mwanawe ni mambo yaliyochaguliwa na watu wa leo mbele ya kompyuta. Kuchagua si kosa. Kosa ni kuyasimulia yaliyochaguliwa kwa wakati uliopita, kana kwamba ni habari iliyoripotiwa. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya tahadhari: tuna huenda, yamkini, yawezekana na labda. Katika saa nzima ya simulizi ile sikusikia hata mojawapo.

Tena hilo la maombolezo lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana, kwa sababu si kwamba hatujui lolote. Mwaka 1997, huko Auca Mahuevo nchini Argentina, yaligunduliwa mayai mengi mno ya dinosaria wa shingo ndefu, yametandazwa kwenye uwanda mpana, kila yai likiwa na kipenyo cha sentimita 13 hadi 15 hivi. Ukilinganisha yai la ukubwa huo na mama mwenye uzito wa tani nyingi, unaelewa kwa nini wataalamu wengi wanaona kwamba wanyama hao walitaga, wakaondoka, na vifaranga wakajitegemea tangu walipoanguliwa. Kwa dinosaria wengine hali ilikuwa tofauti. Kule Montana, Marekani, mwaka 1978 vilipatikana viota vya mnyama aliyepewa jina la Maiasaura, maana yake mjusi mama mwema, vikiwa na vifaranga ambao miguu yao ilikuwa haijakomaa ilhali meno yao yalikwisha kulika kwa kutafuna, jambo linaloashiria kwamba waliletewa chakula kiotani. Basi palikuwa na mama wa kusimuliwa, na ushahidi wake upo mkononi. Watengenezaji wa filamu wakamwacha, wakamvika umama huo mnyama ambaye kwa tunavyoona hakuwa nao, kwa sababu shingo ndefu inapendeza kwenye skrini.

Simulizi iliyotangulia ushahidi imewahi kumchafulia mnyama jina kwa miaka 70. Mwaka 1923, katika jangwa la Gobi, mifupa ya dinosaria mdogo ilipatikana juu ya kiota chenye mayai, ikaaminiwa kwamba alifia kwenye wizi, na mwaka uliofuata akaitwa Oviraptor, yaani mwizi wa mayai. Mwaka 1993 yai la namna ileile lilipatikana likiwa na kijusi ndani, na kijusi hicho kilikuwa cha ukoo wake mwenyewe. Baadaye wakapatikana wa jamii yake waliofukiwa wakiwa wamelalia mayai, mikono yao imetandazwa pembeni kama mbawa za kuku anayeatamia. Aliyeitwa mwizi alikuwa mzazi. Jina halijabadilika, kwa kuwa kanuni za kisayansi haziruhusu, na kila nikilisoma naumia.

Marehemu bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mtu wa Mtama, mkoani Lindi. Hakuwahi kutusimulia kisa cha sungura na fisi bila kutuita kwanza: "Hadithi, hadithi!" Nasi tuliokaa mkekani tuliitikia: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Sisi wenyewe ndio tuliokuwa tukiuita uongo uje, tukijua unakuja, tukaupokea kwa furaha. Lakini bibi huyohuyo alipotueleza mwaka wa njaa aliosimuliwa na mama yake hakutumia kiitikio, na sauti yake ilikuwa nyingine; alisema "nilisikia" pale aliposikia na "niliona" pale alipoona. Hakuwahi kusoma shule, na bado alitenga mambo mawili ambayo studio kubwa zenye wataalamu zimeshindwa kuyatenga.

Kwa nini nalichukulia hili kwa uchungu mimi mtu wa Dar es Salaam? Kwa sababu unapodai kwamba kamera ilikuwapo, huna tena haja ya mifupa, na mifupa inapoondoka kwenye simulizi wanaondoka pia walioichimba. Mnyama aliyekuwa akiombolezwa kwenye filamu ile alifanana sana na Giraffatitan, na huyo ametoka kwetu, katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, msafara wa Wajerumani ulioongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig ulichimba pale, na zaidi ya tani 200 za mifupa zikasafirishwa kwenda Berlin. Waliochimba kwa mikono ni mamia ya vibarua wa kusini, chini ya msimamizi wao mkuu Boheti bin Amrani, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kuumizwa na vita vya Majimaji na njaa iliyofuata. Hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Mifupa ilifungwa, mingine ndani ya mianzi, ikabebwa vichwani na mabegani na wapagazi kwa mwendo wa siku kama nne hadi bandarini Lindi, kisha wakarudi kuchukua mingine. Nataka kuliona hilo kwenye filamu: mpagazi anainama, anatua kipande cha paja la mnyama chenye uzito unaomlemea, anapangusa jasho, anatazama alichokibeba. Naye sijui alilia au hakulia, na nisingetaka msimulizi amsemee.

Hata kiunzi cha mifupa ya Giraffatitan kilichosimamishwa Berlin mwaka 1937, ambacho leo kina urefu wa mita 13.27 kwenda juu, kinafundisha uaminifu ambao filamu zimeukosa. Si mnyama mmoja: kimeunganishwa kutokana na mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, na pale ambapo mfupa haukupatikana pamejazwa plasta. Zamani miguu yake ya mbele ilipindishwa nje kama ya mjusi, na mwaka 2007 ikanyooshwa, baada ya wataalamu kukubali kwamba walikosea. Kama mifupa yenyewe ilirekebishwa, iweje msimulizi asijiachie hata nafasi ya neno moja la shaka? (Suala la kuirudisha mifupa hiyo nyumbani nitaliandikia siku nyingine, kwa kuwa linastahili makala yake.)

Ninakubali, kwa shingo upande, kwamba bila kisa mpwa wangu asingekaa hapo saa nzima. Ninakubali pia kwamba zipo filamu ambazo huweka mwishoni kipande kifupi cha kueleza ushahidi. Lakini kipande hicho huja wakati watoto wamekwisha kwenda kula, na kilio kimekwisha kuingia moyoni kama jambo lililotokea. Ushahidi ungewekwa katikati ya kisa, pale mama anapoinamisha kichwa, mtoto angeona mfupa, angeona kiota, na angesikia msimulizi akikiri kwamba kuanzia hapa tunakisia. Nina hakika asingeinuka. Kujua jinsi watu walivyojua kunasisimua kuliko mvua ya kompyuta.

Usiku ule, kabla sijaondoka, nilimwambia mpwa wangu kwamba yuko dinosaria mwingine wa shingo ndefu, aliyechimbwa bonde la mto Mtuka, mkoani Songwe, na kupewa jina mwaka 2019: Mnyamawamtuka moyowamkia. Alilirudia taratibu, akacheka kwa kuwa alilielewa lote bila kufasiriwa, kisha akauliza moyo umefikaje mkiani. Nikamtafutia kwenye simu picha ya pingili ya mkia, ambayo ukiitazama kwa nyuma ina umbo la moyo. Alipitisha kidole kwenye ukingo wake, juu, kati, hadi kwenye ncha ya chini.

"Hii waliiona kweli, Mjomba?"

"Hii waliiona. Waliichimba, wakaishika."

Akaomba nimwachie simu kidogo, aichore.