PDF ya kwenda kwenye printa: kuchora kwa Java bado kuna hoja

Mtu akiuliza leo namna ya kutoa PDF kutoka kwenye programu ya Java, jibu analopewa mara nyingi ni hili: andika HTML, ikabidhi kwa kivinjari kinachoendeshwa bila dirisha, pokea faili. Kuchora ukurasa kwa vipimo, mstari baada ya mstari, kwa maktaba kama Apache PDFBox, kunatajwa kama kazi ya zamani ambayo mtu huifanya akikosa njia nyingine. Nusu ya jibu hilo ni sahihi. Nusu ya pili inasahau kwamba hati nyingi hazitengenezwi zisomwe kwenye kioo. Zinatengenezwa zitoke kwenye printa, na huko vipimo vina uzito ambao kioo hakiujui.

Upande wa HTML una haki yake, na ni haki kubwa. PDFBox haijui aya ni nini. Ukiipa sentensi ndefu, inaichora moja kwa moja hadi nje ya karatasi. Kukata mistari ni juu yako: unapima upana wa maneno kwa getStringWidth, unagawanya kwa 1000, unazidisha kwa ukubwa wa fonti, unajumlisha mpaka nafasi iishe, ndipo unashuka mstari. Na kushuka kwenyewe ni kutoa, kwa sababu sifuri ya PDF iko kona ya chini kushoto. Maktaba nyingine za Java, OpenPDF na iText, zina aya na majedwali tayari, lakini hata hapo anayesanifu hati akitaka kusogeza nembo kidogo tu, inabidi amsubiri mwandishi wa msimbo. Kwa HTML anafungua faili la CSS, linalopanga mwonekano, na kumaliza mwenyewe. Halafu kuna maandishi ya Kiarabu: kuunganisha herufi na kuzipanga kutoka kulia, kivinjari hufanya bila kuambiwa, ilhali PDFBox inakuachia sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mkataba wa kurasa 30 wenye vifungu vinavyorefuka na kufupika kwa kila mteja, mimi nisingeuchora kwa vipimo.

Lakini tuje kwenye kinachochapwa. Ukurasa wa PDF una ukubwa uliotangazwa, na kila kilichomo kina mahali pake kwa pointi, 72 kwa inchi. A4 ni pointi 595 kwa 842. HTML inahesabu pikseli 96 kwa inchi na yaliyomo yanatiririka kufuata nafasi iliyopo. Kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine kunawezekana kabisa, ila kila hatua ya kuhama ni mlango ambao ukubwa unaweza kubadilika bila wewe kuamua.

Chukua lebo yenye msimbopau wa EAN-13, ule wa tarakimu 13 unaobandikwa kwenye bidhaa za dukani. Printa nyingi za lebo zinazotumia joto huchapa nukta 203 kwa inchi, yaani nukta 8 hivi kwa milimita, na nukta haigawanyiki: imeungua au haikuungua. Msimbo huo una upana wa moduli 95, moduli ikiwa upana wa mstari mwembamba kuliko yote. Ukitoa nukta 3 kwa kila moduli unapata nukta 285, kila mstari na kila nafasi ikiwa na idadi kamili. Skana inausoma mara moja. Sasa punguza ukurasa hadi asilimia 97, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Moduli iliyokuwa nukta 3 inakuwa 2.91. Printa haina namna ya kuchapa 0.91 ya nukta, kwa hiyo inakadiria: moduli nyingi zinabaki na 3, chache zinapewa 2. Kwa jumla zimepotea nukta 8 au 9, na hasara haikugawanywa sawa. Mstari mwembamba ulioangukiwa umepoteza theluthi ya upana wake. Wa jirani haukuguswa. Na EAN-13 hutambua tarakimu kwa kulinganisha upana wa mistari na nafasi, kuanzia moduli 1 hadi 4. Umeharibu kitu kilekile ambacho skana inakitegemea.

Nalikalia sana jambo hili kwa sababu kosa lenyewe haliji na sura ya kosa. Aliyeandika programu anajaribu kwenye printa ya leza ya nukta 600 kwa inchi, ambako moduli ileile ina nukta karibu 9, na kupotea kwa moja si kitu. Skana inalia, kazi inapita. Kwenye printa ya lebo, baadhi ya namba zinasoma na nyingine zinagoma, kutegemea hasara imeangukia tarakimu ipi. Watu watabadilisha karatasi, watasafisha kichwa cha printa, watanunua skana nyingine. Hakuna atakayeshuku asilimia 3 za upana zilizokatwa kati ya HTML na karatasi.

Ukichora mwenyewe, moduli ni nukta 3 mara 72 gawanya kwa 203, yaani pointi 1.064. Namba hiyo inakaa kwenye msimbo na jina lake, mtu anaweza kuisoma na kuihoji, na mahali pa kuanzia msimbopau panaweza kupangwa pia paangukie kwenye nukta kamili.

Upunguzaji huo hautoki mbali. Chombo cha wkhtmltopdf, kilichotegemewa na wengi kwa miaka, kina tabia ya kupunguza yaliyomo chenyewe usipokizuia kwa amri. Chrome, ikiagizwa itoe PDF bila kuelezwa ukubwa, huchukua karatasi ya Letter, ya kipimo cha Marekani, na ukingo wa sentimita 1 hivi. Akifungua faili mtumiaji mwenyewe na kubonyeza kuchapa, kidirisha kinaweza kuwa kimeshachagua kutosheleza ukurasa.

Java nayo si malaika. Darasa lake la Paper, linaloeleza karatasi ya kuchapia, likiachwa lilivyo ni karatasi ya Letter yenye ukingo wa inchi 1 kila upande, na PDFPrintable ya PDFBox, usipoiambia vinginevyo, hupunguza ukurasa utoshe ndani ya eneo linalochapika. Ukurasa wa A4 ukiingizwa humo unatoka na asilimia 77 ya ukubwa wake. Tofauti ni kwamba dawa iko mkononi mwa programu ileile: unatumia PDFPageable, inayochukua ukubwa kutoka kwenye PDF yenyewe, au unaiandikia PDFPrintable Scaling.ACTUAL_SIZE. Neno moja, mahali pamoja, na linabaki kwenye historia ya msimbo.

Fonti ni hoja nyingine ninayoiona ikipuuzwa. Ukitumia Helvetica ya kawaida ya PDF kwenye PDFBox na jina likaja na herufi kama ř ya Dvořák, programu inasimama na kukutajia herufi gani haimo kwenye fonti gani. Inaudhi, hasa usiku wa kutoa ankara. Kivinjari chenye shida kama hiyo, kwenye seva iliyosakinishwa kwa ufinyu bila fonti za kutosha, kinachukua fonti yoyote iliyopo au kinachora kiboksi kitupu, kisha kinarudisha faili kana kwamba kila kitu kiko sawa. Upana wa herufi umebadilika, mstari umevunjika mahali pengine, jumla ya ankara imesukumwa ukurasa wa pili, na hakuna kumbukumbu yoyote ya hitilafu. Mimi naona heri programu ipige kelele. Ukiambiwa herufi inayokosekana, unapakia fonti yako kwa PDType0Font, inawekwa ndani ya faili, na hati inabaki ileile kwenye kila mashine.

Kuchapa kwenyewe kunawachanganya watu wa pande zote mbili. Wengi hudhani javax.print, sehemu ya Java ya kutuma kazi kwenye printa iliyokuja na Java 1.4, inajua kusoma PDF. Haijui. Ukiitafutia printa inayopokea DocFlavor.INPUT_STREAM.PDF, kwenye Windows mara nyingi utarudishiwa orodha tupu. Hapo mtu hubadili kuwa AUTOSENSE, yaani printa itambue yenyewe ilichopewa, na kutuma baiti zilivyo. Printa isiyoelewa PDF inatema kurasa na kurasa za alama zisizosomeka, ya kwanza ikianza na %PDF. Lazima awepo wa kuugeuza ukurasa kuwa michoro kwa ajili ya printa, na ndani ya Java kazi hiyo inafanywa vizuri na PDFBox kupitia PrinterJob, hata kama PDF ilitengenezwa na kivinjari. Kwa maneno mengine, aliyekimbilia HTML ili aikwepe PDFBox atakutana nayo mlango wa nyuma siku programu yake itakapotakiwa kuchapa bila mtu kubonyeza.

Kuna pia suala la umri. PhantomJS, kivinjari kilichoendeshwa bila dirisha, ilisimamishwa mwaka 2018, na hazina ya msimbo wa wkhtmltopdf ikafungwa mwaka 2023. Waliojenga juu yake walilazimika kuhama, na kuhama injini ya HTML kunamaanisha kukagua upya kila hati, kwa sababu mistari haivunjiki mahali palepale. Upande wa maktaba za Java nao umepata misukosuko: iText ilihamia leseni ya AGPL mwaka 2009, na wasiotaka kufungua msimbo wao wala kununua leseni wakabaki na tawi la zamani, ambalo ndilo lililozaa OpenPDF. Lakini msimbo wa kuchora ulioandikwa vizuri unatoa vipimo vilevile toleo baada ya toleo, na unaweza kupimwa: geuza ukurasa kuwa picha kwa PDFRenderer, linganisha na picha ya jana.

Kwa hiyo lebo, risiti, hundi, na fomu zilizokwisha kuchapwa ambazo maandishi lazima yaangukie ndani ya visanduku vyake, naziweka upande wa kuchora bila kusita. Ripoti na mikataba ziende kwa HTML, ukubwa wa karatasi ukitajwa wazi kwenye kanuni ya @page na fonti zikipakiwa pamoja na hati. Kati yake kuna hati za mchanganyiko, kama ankara yenye maelezo marefu na msimbopau chini, na hizo hazihitaji kuchagua upande: acha kivinjari kitoe ukurasa huku sehemu ya msimbopau ikiwa tupu, kisha ufungue faili hilo kwa PDFBox, uongeze tabaka juu yake kwa AppendMode.APPEND na kuchora mistari kwa pointi. Tumia resetContext unapofungua tabaka hilo, la sivyo vipimo vya kivinjari vinaweza kubaki vikitawala na msimbopau wako ukapunguzwa navyo.