Panya hana homoni ya shibe iitwayo beta-MSH, sasa unamuuliza nini kuhusu unene?

Hapa Lamu mtu akinenepa hukumu yake ishapita uwanja wa Mkunguni kabla hajaketi barazani: apunguze mahamri. Na sasa kusikia kuna watafiti wanakuza neva (seli za ubongo) za binadamu kutoka seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuzwa kuwa za aina nyingine, ili wachunguze unene, watu wanacheka, eti pesa zimewazidi.

Wanaopinga wana hoja. Jeni zetu ni zile zile za mababu, kilichobadilika ni soda, chipsi na bodaboda, basi rekebisha chakula kwanza. Sawa, lakini hiyo haielezi ndugu wawili wa sufuria moja, mmoja anafura mwengine ni fito.

Njaa na shibe zinaamuliwa na kipande kidogo chini ya ubongo, haipothalamasi, na huwezi kumpasua mtu mzima wa afya ukitoe ukitazame. Ndo maana kazi yote alibebeshwa panya. Mwaka 1994 kikosi cha mtafiti Jeffrey Friedman kule New York kikapata jeni ya leptini, homoni ya mafuta ya mwili inayopelekea ubongo habari, panya asokuwa nayo akidungwa leptini akakonda, watu wakashangilia. Kumbe wanene wengi leptini wanayo tele, ubongo ndo hauisikii! Waliofaidi sawasawa ni watoto wachache mno waliozaliwa bila leptini.

Halafu kuna hili, mimi haliniishi. Neva za shibe zinatengeneza protini iitwayo POMC, inakatwa vipande, na baadhi ya vipande ndo vinavyoambia ubongo basi, inatosha. Kimoja ni beta-MSH, ndo ile homoni niliyoanza nayo. Binadamu anacho, mbwa anacho, panya hana kabisa, manake kwake pale pa kukatia hapapo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, wakaonyesha kama robo ya mbwa wa Labrador wana kasoro kwenye jeni ya POMC inayowaharibia kipande hicho, na hao ndo wazito zaidi na wanaomba chakula bila haya. Sasa miaka yote unamuuliza panya habari ya kitu asichokuwa nacho! Neva za binadamu zilizokuzwa maabara zinakitoa, kimepimwa, na mtu mwenye kasoro unaweza kukuza za kwake, ukairekebisha jeni, ukalinganisha kabla na baada.

Na kwa wanaouliza uharamu wa seli shina kutolewa kwenye mimba changa, tangu kazi ya mtafiti wa Kijapani Shinya Yamanaka ya 2007 seli za namna hii zinapatikana kwa ngozi au damu ya mtu mzima, si lazima mimba iguswe.

Kasoro zake zipo. Neva hizo bado changa, zinafanana zaidi na za mtoto tumboni, na kisahani cha maabara hakina utumbo wala miaka thelathini ya kula wali wa nazi. Dawa haitoki hapo peke yake, panya bado atahitajika. Kinachoniudhi mimi ni kwamba seli nyingi zilizohifadhiwa kwa utafiti huu ni za watu wenye asili ya Ulaya, kwa hivyo badala ya kucheka tungedai za watu wa huku nazo ziingizwe.