Mfumo Haujasoma

Jumanne usiku, nimeshakula ugali wangu na sato wa kukausha, nanyoosha miguu, simu ikaita. Binti yangu huyo, yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu cha umma. Sauti ya msibani kabisa.

"Shikamoo baba. Baba, nimezuiwa kufanya jaribio."

"Marahaba. Kisa nini?"

"Ada. Mfumo haujasoma."

Nikamwambia ada nililipa wiki iliyopita, kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, aliyonitumia yeye mwenyewe. Ujumbe wa benki ninao, wakala aliyepokea pesa ni shahidi, na ndama niliyemuuza ni shahidi wa pili popote alipo. Akasema, "Najua baba. Ila mfumo haujasoma."

Jamani, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, huu mwaka wa 24. Wasiosoma nawajua kwa sura. Wanakaa nyuma karibu na dirisha, na ukiwauliza swali wanaanza kutafuta kalamu. Sasa huu mfumo ambao haujasoma, nani aliuajiri? Mwaka 2017, uhakiki wa vyeti ulipotoka, watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakafungasha virago. Mimi mwenye cheti halali nilikonda, nikawa naamka usiku kukiangalia kama bado ni chenyewe. Na wale wa kughushi angalau walijitahidi kuonekana wamesoma! Huu unatangaza hadharani kwamba haujasoma, uko kazini, na unamzuia aliyesoma asifanye mtihani.

Lakini ugomvi wangu na mifumo haukuanzia chuoni. Ulianza na kishikwambi. Mnakumbuka sensa ya Agosti 2022. Ilipokwisha, vishikwambi walivyohesabia watu wakagawiwa walimu. Changu kilikuja na ufa kwenye kona na stika ya sensa mgongoni. Mke wangu akakishonea mfuko wa kitenge. Siku ya kwanza napita nacho kijijini, bibi mmoja akakusanya wajukuu, akawapanga mstari kibarazani, mkubwa mbele mdogo nyuma. "Mwalimu, waliozaliwa tangu ile siku ni wanne, na mzee alishatutoka." Nikamwambia, bibi, sijaja kuhesabu, hiki sasa ni cha kuandalia masomo. Akanitazama, akawatazama wajukuu. "Ungesema mapema, nisingewanawisha."

Shule yetu, huku Usukumani, ina walimu saba na wanafunzi 600 na ushee. Siku moja mwalimu mkuu aliniona natoa laini ya simu kwa mwiba wa mgunga. Kesho yake kwenye kikao nikatangazwa mtaalamu wa TEHAMA wa shule. Sikupingwa. Wenzangu walipiga makofi haraka haraka, kama watu walioona mzigo unampita mmoja na kumwangukia mwingine.

Tangu hapo maisha yangu ni nywila. Mfumo wa mishahara una nywila yake, wa takwimu za wanafunzi yake, wa matumizi ya fedha yake, wa manunuzi yake, wa mafunzo kazini yake. Kila moja inataka herufi kubwa, herufi ndogo, namba na alama, na baada ya muda inakwambia imezeeka, weka mpya. Mimi mwenyewe nimezeeka hakuna aliyesema niwekwe mpya.

Tuliambiwa karatasi zitakwisha. Karatasi haziishi, ndugu zangu, zimezaa. Mahudhurio najaza kwenye rejista kwa kalamu, halafu nayajaza kwenye mfumo, halafu afisa anapiga simu anataka nimtumie picha ya rejista kwenye kundi la WhatsApp ili alinganishe na mfumo. Azimio la kazi kwenye daftari, andalio la somo kwenye daftari, na wathibiti ubora wakija wanataka daftari. Kishikwambi wanakiuliza tu kama kipo, kama unavyomuulizia mgonjwa.

Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, tukaambiwa vitabu vingine tutaviona mtandaoni. Sina neno na mtaala, mimi naukubali, na kumaliza msingi darasa la sita siyo jambo baya. Ila mwaka 2027 la sita na la saba wanamaliza pamoja, na nikiangalia madawati yetu, hilo hesabu yake sihitaji kishikwambi.

Sasa nije kwenye chaki. Hii ya chaki inaniuma.

Zamani chaki zikiisha, mwalimu mkuu anatoa hela, bodaboda anakwenda kwa mama wa duka pale sentani, anarudi na boksi na risiti, tunafundisha. Kipindi kimoja tu kimepotea. Sasa shule ya serikali haibebi hela mkononi, na mimi naelewa kwa nini; ile ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, ambayo nayo haifiki yote shuleni, ukiiachia mkononi inaweza ikaota miguu. Naelewa kabisa. Basi chaki zinapita kwenye mfumo wa manunuzi. Nikamfuata mama wa duka kumweleza kwamba ili atuuzie chaki ajisajili kwanza, awe na namba ya mlipa kodi, leseni, akaunti ya benki, barua pepe, kisha ombi letu litamfikia kule mtandaoni naye ataweka bei yake. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta mchele. Akasema, "Mwalimu, mimi nauza chaki. Sijaomba kazi serikalini."

Akashinda mzabuni wa mjini ambaye hatujawahi kumuona hadi leo. Boksi za chaki zilisafiri wiki tatu. Wiki hizo tatu tuliandikia udaga. Usicheke, muhogo mkavu ukiuchonga vizuri unaandika ubaoni kuliko chaki nyingine za dukani. Tatizo ni moja tu, naingia darasa la pili kipindi cha tano, hakuna chaki. Imeliwa. Nauliza nani kala chaki, darasa zima midomo myeupe.

Halafu kuna huu mfumo wa kupima utendaji. Enzi za fomu za OPRAS nilikuwa nanakili ya mwaka jana, nabadilisha tarehe, nasaini, maisha yanaendelea. Siku hizi unaweka malengo, unayagawa kuwa kazi ndogondogo, kila kazi unaiombea idhini kwa msimamizi wako, ukimaliza unajipa asilimia, msimamizi anathibitisha. Msimamizi wangu ni mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu macho yake hayaoni maandishi madogo na miwani yake ilikaliwa na mjukuu. Akanipa nywila yake. "Nisaidie na ya kwangu."

Kwa hiyo naomba idhini kama mimi, natoka, naingia kama mwalimu mkuu, najiidhinishia. Mwanzoni nilijipa 96. Mwalimu mkuu akanionya: usijipe nyingi, watashtuka, na weka na maoni ili ionekane nimekusoma. Nikaingia kwa jina lake, nikajishusha hadi 78, nikaandika: "Mwalimu huyu aongeze bidii katika kuandaa zana za kufundishia." Nikatoka. Nikaingia kwa jina langu kuona kama imekubali, nikakuta yale maoni yananingoja. Niliumia, haki ya Mungu. Mtu nimejituma mwaka mzima, nimeandikia muhogo, halafu naambiwa niongeze bidii! Mke wangu akaniuliza mbona huli. Nikafikiria kukata rufaa. Nikakumbuka rufaa inakwenda kwa afisa elimu kata, na nywila ya afisa elimu kata, tangu pikipiki yake iharibike, nayo ninayo mimi.

Sasa Jumanne ile ya simu ya binti ilikuwa mwisho wa Juni. Mwaka wa fedha unafungwa, tathmini za walimu wote saba zinatakiwa ziwe zimeingia kabla hakujakucha, na binti anataka nitume risiti ya benki kwa barua pepe kwa watu wa uhasibu wa chuo. Mtandao kwetu haufiki shuleni. Unapatikana juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya zahanati, ambalo wazee wanasema lina wenyewe, usiku hapapandwi. Na mimi kifurushi changu ni cha usiku, kinaanza saa sita, maana cha mchana kwa mshahara huu ni anasa. Unaona nilivyobanwa.

Saa sita kasoro nikapanda. Nimevaa koti la mvua jeusi kwa ajili ya baridi, kishikwambi mkononi, mwanga wake unanimulika uso kutoka chini. Nikapakia risiti, nikaituma. Nikaanza tathmini. Nina tabia moja, nywila huwa naitamka kwa sauti wakati naandika: "Em kubwa, tisa, tisa, alama ya mshangao..." Nimefika kwa mwalimu wa tano nikasikia filimbi. Ya pili ikajibu. Kisha mwano, lile yowe la hatari, ukapigwa, na ukipigwa mwano Usukumani hakuna anayebaki amelala. Kutahamaki, jiwe limezungukwa na sungusungu, marungu, tochi, na mbwa wawili.

"Shuka polepole, mchawi."

Nikasema mimi ni mwalimu. Wakasema ndiyo, wachawi nao wana kazi zao za mchana.

Kamanda wao akasogea na tochi. Nilimfundisha yule. Sehemu zilimshinda, hakuwahi kukubali kwamba robo ni ndogo kuliko nusu wakati nne ni kubwa kuliko mbili. Leo ana ng'ombe ambao idadi yao haijui mtu ila yeye, na mimi niliyempa sifuri nina kuku 11. Akaniheshimu, akaniamkia kwanza kabla ya kunikamata.

"Shikamoo mwalimu. Toa maelezo."

"Najaza mfumo."

"Mfumo gani unajazwa saa saba usiku juu ya jiwe la wazee?"

Kabla sijajibu kishikwambi kikalia. Ujumbe. Kamanda akakichukua, akakiweka mbali kidogo na macho, akausoma kwa sauti mbele ya watu wote: "Baba, umesoma!"

Kimya. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hata mwanao anakwambia. Umesoma, mwalimu. Hilo hatukatai, umesoma. Lakini msomi mzima, usiku huu?"

Nilijaribu kueleza kwamba aliyesoma siyo mimi, ni mfumo wa chuo, kwamba ulikuwa haujasoma na sasa umesoma, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kurudi nyuma. Katibu akafungua kaunta buku, akaandika hukumu kwa mwanga wa tochi: faini shilingi 50,000 na mbuzi mmoja, kwa kuvuruga usingizi wa kijiji.

Hapo ndipo nilipopata akili ya ghafla, nadhani ya wale wenye jiwe. Nikasema, "Sawa, faini naikubali. Nipe kontroo namba."

"Kontroo namba ya nini?"

"Malipo ya umma siku hizi hayapokelewi mkononi, kamanda. Unataka nikupe hela taslimu usiku gizani, kesho tukamatwe wote wawili?"

Wakatazamana. Katibu akauliza kwa sauti ndogo, mbuzi je? Nikamwambia mbuzi huyo anapita kwenye mfumo wa manunuzi, wiki tatu, na atashinda mbuzi wa mjini. Katibu akakata mstari juu ya hukumu.

Nikadhani yamekwisha, niendelee na mwalimu wa sita. Kamanda hakuondoka. Aliwaambia vijana wasogee pembeni, akakaa juu ya jiwe karibu yangu, akakohoa. Kijana wake amemaliza kidato cha sita, anataka kuomba mkopo wa chuo. Wameshakwenda steshenari mara mbili. Fomu inajazwa kwenye kompyuta, inatolewa kwenye karatasi, inasainiwa na mtendaji kwa kalamu, inagongwa muhuri kwa mwanasheria, halafu inaskaniwa inarudishwa tena kwenye kompyuta. "Mwalimu, hii fomu inacheua," akasema. "Inameza, inatoa, inatafuna, inameza tena." Sijawahi kusikia mtu wa sehemu ameeleza jambo kwa ufasaha vile. Na steshenari kila safari wanalipa, na mara ya mwisho wameambiwa nywila waliyoweka imesahaulika, waanze upya.

Nikamwambia tuanze hapa hapa. Nikafungua ukurasa. Jina likaingia, namba ya mtihani wa kidato cha nne ikaingia, tukafika kwenye nywila.

"Tuweke kitu usichoweza kusahau hata ukiamshwa usingizini," nikasema. "Anza na jina la ng'ombe unayempenda."

Akatabasamu, akalitaja. Nikaandika, herufi kubwa mwanzoni.

"Sasa inataka na namba. Tuweke idadi ya ng'ombe wako."

Tabasamu likaisha. Akatazama kushoto, kwa katibu wake. Akatazama kulia, kwa vijana wake. Akanyoosha mkono akakifunika kishikwambi kwa kiganja, mwanga ukafa, tukabaki gizani.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "mtoto atalima."