Jana Buguruni gari zima tulinyamaza

Jana jioni pale Buguruni, konda wa gari la Gongo la Mboto aliweka mkono mlangoni akamzuia denti. Mtoto wa kike, umri wa binti yangu, begi limekatika mkanda mmoja, sarafu ya mia mbili kaifumbata kiganjani. "Madenti wametosha!" Ndani hakukuwa na denti hata mmoja. Nilikuwa siti ya dirishani, nikageukia nje. Wanaume wazima tulikuwa wengi mle, wote tukageukia nje.

Aliyefungua mdomo ni mama mmoja mwenye ndoo ya samaki. "Wewe konda, wa kwako anarudije nyumbani? Mpandishe huyo."

"Mama, kama vipi shuka, panda bodaboda."

Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Mama naye ana kiherehere." Yule mama akashuka kweli, akateremsha ndoo yake, akasimama kituoni na mtoto.

Hicho kiherehere kimeninyima usingizi, maana sisi si waoga. Tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoanguka Kariakoo, raia waliingia kwenye kifusi wakafukua kwa mikono. Bukoba, Novemba 2022, ndege ilipotumbukia Ziwa Victoria, mvuvi Majaliwa Jackson na wenzake waliifuata majini. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 24 wakatoka hai. Moyo huo tunao, nami nauheshimu.

Lakini kwenye kifusi kila mtu yuko upande wako. Kwenye daladala unasimama peke yako, na gari zima linakuona mjuaji. Ningemwambia konda "mpandishe", hakuna zege ambalo lingeniangukia. Niliogopa macho ya watu. Macho hayo hayo ndiyo aliyoyakabili Bibi Titi Mohamed miaka ya 1950, alipotoka kwenye ngoma za lelemama kwenda kuhutubia mikutano ya TANU katika mji huu.

Tumelelewa na msemo kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Haya, nakubali, umewaepusha vijana wengi na ugomvi wa visu. Ila tumeuburuza hadi mahali pasipo na kisu wala kilio.

Nilipofika nyumbani, binti yangu alikuwa hajarudi. Aliingia saa moja na nusu usiku, viatu vimejaa vumbi. Nikamuuliza amepanda gari gani.

"La nne, baba. Matatu yalinikatalia."