Faili la Mnada wa Korosho: Tuubebe Mti wa XML Mzima au Tujenge Vyetu?

Msimu wa korosho ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Oktoba, Mtwara na Lindi huwa mikoa ya hesabu. AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ina uzito wake ilioupokea, ghala kuu lina uzito wake, mnada una bei ya juu na bei ya chini, na mkulima wa Tandahimba au Ruangwa anataka jambo moja tu: kilo zake zimeuzwa shilingi ngapi, na makato yamekula kiasi gani. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari ni programu, na vijana wanaoandikia vyama vya ushirika programu hizo wana ubishi wao ambao mkulima hausikii, ingawa matokeo yake humfikia mfukoni.

Ubishi wenyewe ni huu. Data ikija kwa umbo la XML, yaani maandishi ambayo kila kipande kimefungwa kati ya alama zenye jina lake, je, uichanganue yote mara moja na kuigeuza kuwa vitu vya programu yako (Mzigo, Stakabadhi, Kato), au uache mti wa XML, yaani vipande hivyo vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine, ukae kwenye memori kama ulivyokuja, uwe unachuma kila unachohitaji?

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme chama kikuu kinatuma matokeo ya mnada kwa AMCOS zake hivi:

<mnada namba="4">
  <mzigo ghala="Masasi" daraja="1">
    <uzito>18450</uzito>
    <bei>3500</bei>
    <makato>
      <kato aina="ushuru wa halmashauri">105</kato>
      <kato aina="ghala">30</kato>
    </makato>
  </mzigo>
</mnada>

Kambi ya kwanza, ya mti, ina hoja nyepesi kueleza. Kichanganuzi kinasoma faili, kinakupa mti, na kwa XPath, lugha ya kuuliza mti, unauliza sum(//mzigo/uzito) ukapata jumla ya kilo kwa mstari mmoja. Hakuna klasi (kielelezo cha kitu cha programu, kama Mzigo au Kato) ya kuandika, hakuna jedwali la kuoanisha majina. Na kesho chama kikuu kikiongeza elementi (kipande chenye jina, kama uzito au bei) ambayo hukuwahi kuiona, mti unaibeba bila kulalamika. Ukiandika faili upya na kulirudisha ulikolitoa, elementi ile imo.

Njia hii si uvivu wa vijana wa leo. XML 1.0 ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, tarehe 10 Februari 1998, ikiwa mtoto wa SGML, na SGML ilikuwa lugha ya nyaraka: vitabu, sheria, miongozo ya mitambo. Kwenye nyaraka mti ndio data yenyewe. Aya yenye maneno mawili yaliyokolezwa katikati ya sentensi haina klasi ya maana utakayoijenga zaidi ya mti huo huo. DOM, ule utaratibu wa kuushika mti mzima kwenye memori, ukapitishwa Oktoba mwaka ule ule. Miezi michache kabla yake, mwezi Mei, kundi la waandishi wa programu wakiongozwa na David Megginson lilikuwa limetoa SAX, inayosoma faili kipande kwa kipande na kukuachia wewe uamue cha kuhifadhi. Kwa hiyo mgawanyiko huu una umri sawa na XML yenyewe.

Tatizo la mti hujitokeza pale unapokosea, kwa sababu unakaa kimya. Andika sum(//mzigo/uzitto), herufi moja imezidi, na XPath haitapiga kelele: haikukuta kitu, na jumla ya kisichokuwepo ni sifuri. Ripoti inachapishwa ikiwa na kilo 0. Hiyo utaiona, kwa kuwa sifuri ni kubwa. Lakini jina lililokosewa kwenye makato, ambako sifuri ni jambo la kawaida, linaweza kumaliza msimu mzima bila kujulikana. Halafu karani mmoja akiandika uzito kama 18,450 na mkato wa maelfu, kama tulivyozoea sote kuandika, XPath inashindwa kuisoma kuwa namba, na jumla nzima inakuwa NaN, yaani si namba. Kwenye mti kila kitu ni maandishi mpaka utakapoamua kukigeuza, na uamuzi huo unafanyika sehemu mbalimbali za programu, kila sehemu kwa namna yake.

Hapo ndipo kambi ya pili inapopata nguvu. Hao wanasema: soma XML mlangoni, mara moja, geuza kila kitu kuwa klasi zako, na ndani ya nyumba asionekane mtu anayetaja elementi. Uzito ni namba au si namba, na kama si namba faili linakataliwa palepale, na mstari wenye kosa unatajwa. Shilingi zinawekwa kwenye aina ya namba isiyopoteza senti, badala ya namba za nukta inayoelea ambazo haziwezi hata kuihifadhi 0.1 sawasawa. Anayeandika hesabu ya malipo ya mkulima anasoma mzigo.uzito na mzigo.bei, haulizi vilitoka kwenye atributi (sifa iliyoandikwa ndani ya alama, kama daraja) au kwenye elementi. Chama kikuu kikibadili majina ya elementi mwakani, unarekebisha faili moja la msimbo badala ya arobaini.

Naikubali hoja hiyo karibu yote. Lakini ina shimo ambalo watetezi wake hawalitaji, na kwa korosho zetu shimo hilo liko katikati ya barabara. Klasi inabeba kile ulichokijua siku ya kuiandika. Orodha ya makato kwenye kilo ya korosho hubadilika: hili linaongezwa, lile linapunguzwa, jingine linabadilishwa jina baada ya kikao. Aliyejenga klasi yenye sehemu tano kwa makato matano aliyoyakuta, akija kupokea faili lenye kato la sita, programu yake inalipita kimya kimya kama halikuwepo. Mkulima anaonyeshwa malipo makubwa kuliko atakayopewa, na anayekwenda kuzomewa ni katibu wa AMCOS. Kambi ya mti hapa inacheka, na ina haki ya kucheka, maana ripoti yao inapita kwenye kila kato lililomo bila kuuliza ni la ngapi.

Yapo mabadiliko makubwa kuliko hayo. Novemba 2018 Rais Magufuli alitangaza kuwa serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaletwa kuzisomba, na minada ikawekwa kando. Hebu fikiria programu ambayo klasi yake ya Mzigo inadai kila mzigo uwe na namba ya mnada na jina la mnunuzi aliyeshinda. Msimu ule haungeingia humo. Mwandishi wake angelazimika kuvunja ukuta au kumdanganya mashine kwa kubuni mnada namba 0. Hata katika misimu ya kawaida, kutoka zabuni za karatasi zilizotumbukizwa sandukuni hadi minada ya mtandaoni kupitia TMX, soko la bidhaa la Tanzania, umbo la kitu kinachoitwa mnada halikubaki lile lile. (Kangomba, ule ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, peke yake ndiyo haijawahi kusumbua mtu kwa XML.)

Wapo wanaodhani tiba ni kuziacha klasi zijitengeneze zenyewe kutoka kwenye skima. Mimi hapo nawakatalia kabisa. Skima ya XSD, iliyopitishwa mwaka 2001, inaeleza umbo la faili la mwenzako. Klasi zinazozalishwa nayo ni mti ule ule uliovishwa nguo za lugha ya programu ya Java: utakuta orodha ndani ya kasha ndani ya orodha, kwa sababu tu faili lina elementi ya makato inayozunguka elementi za kato. Umelipa gharama ya klasi na hukupata uhuru wake. Tena unabaki ukitegemea chombo cha mtu. JAXB, maktaba ya kuzalisha klasi hizo iliyokuwa ikija pamoja na Java, iliondolewa kwenye JDK 11 (zana za kuandikia programu za Java) mwaka 2018, na waliohamia toleo hilo walilazimika kuitafuta na kuiongeza wenyewe kama maktaba ya nje.

Njia ya mkato nyingine, kugeuza XML iwe kamusi ya majina na thamani, ina mtego wa kuchekesha. Maktaba kama xmltodict ya Python, ikikuta kato moja chini ya makato, hukupa kitu kimoja. Ikikuta mawili, hukupa orodha. Programu iliyojaribiwa kwa faili lenye mizigo mingi inafanya kazi vizuri kabisa, halafu AMCOS ndogo yenye mzigo mmoja inaliingiza faili lake na kila kitu kinaanguka. Tiba ipo, unaiambia maktaba mapema kuwa kato ni orodha daima, ila lazima uwe umeumwa kwanza ndipo ujue kuitafuta.

Jambo la saini ndilo linalonifanya nisiihukumu kambi ya mti harakaharaka. XML nyingi za malipo, zikiwemo zile za mfumo wa malipo ya serikali, GePG, hutumwa zikiwa na saini ya kidijiti. Saini hukokotolewa juu ya baiti, yaani herufi zote za faili kama zilivyokaa. Kwa kichanganuzi, <kato/> na <kato></kato> ni kitu kimoja, na atributi zikipishana mpangilio hakuna kilichobadilika. Kwa saini, hizo ni nyaraka mbili tofauti. W3C ilitoa utaratibu wa umbo sanifu la XML mwaka 2001 ili kupunguza balaa hilo, lakini si kila mfumo unaufuata. Ukiisoma XML ya namna hiyo ukaigeuza kuwa klasi, kisha ukaiandika upya kutoka kwenye klasi, saini imekufa hata kama hakuna shilingi iliyobadilika. Na mti nao haukuokoi kikamilifu, kwa sababu ukiuandika upya huenda nafasi na alama zikabadilika vilevile. Kinachookoa ni baiti zenyewe zilivyokuja, ziwekwe bila kuguswa.

Kwa hiyo mimi nasimama na kambi ya pili, kwa masharti. Ghala kuu linatufundisha vizuri hapa: korosho zikipokelewa hupimwa, hukaguliwa ubora, hupewa stakabadhi, na tangu hapo mnada unafanywa juu ya stakabadhi huku magunia yakiwa yamelala ghalani. Faili la XML nalo lilale lilivyo, likiwa na tarehe na jina la aliyelituma, na programu ifanye biashara kwa klasi zake. Siku klasi zikigundulika zina upungufu, faili lipo, linachanganuliwa upya. Makato yawe orodha iliyo wazi, kila kato na aina yake na kiasi chake, isiwe sehemu tano zilizopigiliwa misumari. Elementi isiyojulikana isipitwe kimya: ama faili likataliwe, ama elementi ihifadhiwe pembeni na karani aonyeshwe. Na klasi zibuniwe kwa kuzungumza na karani na mtunza ghala, wanaojua kuwa mzigo unaweza kukaa bila mnunuzi kwa mnada mmoja au miwili.

Gharama yake siifichi. Hii ni kazi ya siku kadhaa pale ambapo kambi ya mti inamaliza kabla ya chai ya saa nne. Kwa ripoti ya kutumika mara moja, au AMCOS yenye kompyuta moja ya mezani na kijana anayejitolea, mti unatosha, mradi aangalie kwamba kila swali la XPath limekuta kitu kabla ya kujumlisha.

Kuhusu ukubwa wa faili, ambao watu hupenda kuubishania, kwa matokeo ya minada yetu sioni hoja. Mti hula memori mara kadhaa ya ukubwa wa faili, lakini faili la namna hii ni dogo. Ukishika data ya OpenStreetMap (ramani huria ya dunia nzima) ndipo SAX inapokuwa na maana, na hata huko utajikuta unajenga vyako: barabara ya Lindi kwenye faili lile imeandikwa kama orodha ya namba za utambulisho za nukta zake, na longitudo na latitudo za nukta hizo zilishapita huko juu, hivyo usipokuwa umezihifadhi kwenye muundo wako hutaweza kuichora.

Usalama nao unazihusu kambi zote mbili. Zima matamko ya DTD (kanuni za umbo zinazoandikwa ndani ya faili) na entiti za nje (vifupisho vinavyotanuliwa kuwa maandishi mengine) kwenye kichanganuzi chako kabla ya kupokea faili la mtu yeyote, maana faili lisilofika kilobaiti moja, lenye entiti zinazoitana kwa ngazi, linaweza kutanuka hadi gigabaiti 3 hivi na kuizimisha mashine ya ofisi. Na usishangae faili zima likikataliwa kwa alama moja ya & kwenye jina la kampuni ya mnunuzi iliyoandikwa bila kugeuzwa kuwa &amp;. Kanuni za XML zinataka kichanganuzi kisiendelee na kazi kikikuta kosa la namna hiyo, na kwa fedha za watu napenda iwe hivyo.

Wapo wanaosubiri JSON, umbo jingine la kuandika data, imalize ubishi huu. JSON imeondoa atributi, na orodha zake zinajulikana kuwa ni orodha hata zikiwa na kitu kimoja, kwa hiyo ule mtego wa AMCOS yenye mzigo mmoja unakufa. Kato la sita halifi. Litakuja ndani ya JSON kama lilivyokuja ndani ya XML, na programu yenye sehemu tano italiruka vilevile.